Mkufu Ulioingia Mtoni Ukatoka Shanga

Mama Gundi alikuwa na majivuno mawili. La kwanza ni meno yake, yote ya kwake, hata moja hajaazima. La pili ni kwamba kwa miaka thelathini na moja aliyosimama kwenye meza ya kujalidi vitabu, hakuna kitabu kilichotoka mikononi mwake kikiwa na ukurasa uliokaa mahali pasipo pake. La kwanza alilionyesha kwa kucheka. La pili alilisema kwa mdomo, kwa aliyeuliza na asiyeuliza, hata kwa yule bwana anayekuja kusoma mita ya umeme.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na mashine ya kuchapa na Fundi Wino, mtu mzima mwenye sauti kubwa, aliyezoea kushindana na mashine yake kwa kelele. Cha nyuma kilikuwa na meza mbili ndefu, rafu, mashine ya kukatia karatasi, sufuria ya gundi juu ya jiko dogo la umeme, na wanawake wawili: Mama Gundi na Wifi. Wifi alikuwa dada wa mume wa Mama Gundi, kwa hiyo jina hilo lilikuwa halali kwa mtu mmoja tu. Lakini Mama Gundi alikuwa analiita kutwa nzima, mara kwa upole, mara kwa ukali, mpaka karakana yote ikalichukua. Fundi Wino alimwita Wifi. Bosi alimwita Wifi. Hata risiti za muuza nyuzi zilikuja zimeandikwa "Kwa Bi Wifi".

Bosi alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyerithi kazi kwa baba yake. Mama Gundi alimpakata akiwa mchanga, na siku moja alimlaza juu ya rundo la vitabu vya hesabu, naye akavilowesha vyote. Kwa hiyo mbele za watu alimwita Bosi, nyuma ya mlango alimwita mwanangu, na akijifanya mkali alimkumbusha vitabu vya hesabu.

Sasa, kazi iliyoleta mambo ilikuwa hivi. Kamati moja ya watu wa nchi nyingi ilikaa ikaona kwamba watoto wa bara letu wanajua habari za ng'ambo kuliko za jirani zao, na dawa yake ni hadithi. Wakusanyaji wakatumwa kila upande, wakakaa na mabibi na mababu, wakaandika. Vikatoka vitabu kumi, kila upande wa bara na chake, na vyote vikapangwa kwa mtindo mmoja: hadithi ya kwanza ya moto, ya pili ya njaa, ya tatu ya maji, na kuendelea, ili mtoto wa huku na mtoto wa kule wakifungua wakutane mahali pamoja. Viwili vya mwanzo, cha Magharibi na cha Kusini, vililetwa kwa Bosi kama majaribio, nakala mia sita kila kimoja.

Aliyevileta ni Katibu wa kamati, mtu mwembamba ambaye si suti tu, hata uso ulikuwa umepigwa pasi.

"Vikitoka safi, vinane vilivyobaki ni vyenu," alisema. "Likikosewa fungu moja tu, kazi yote inakwenda kwenye kiwanda chenye mashine inayojalidi yenyewe. Mashine haipigi soga."

"Na watoto haina," Wifi akasema chini chini.

Vitabu vinane vilikuwa kazi ya miaka miwili. Bila hivyo, Bosi alikwishasema huku akitazama viatu vyake, chumba cha nyuma kitafungwa. Mama Gundi akampiga begani. "Ondoa hofu, Bosi. Hapa miaka thelathini na moja..." Fundi Wino akawasha mashine, yaliyobaki hayakusikika.

Kitabu, kabla hakijawa kitabu, ni mafungu. Karatasi kubwa iliyochapwa hukunjwa mara tatu, zikapatikana kurasa kumi na sita. Hilo ndilo fungu. Vitabu vile vilikuwa na mafungu manane kila kimoja. Mafungu hupangwa mezani kwa marundo, la kwanza mpaka la nane, na mtu huzunguka meza akichukua moja moja, akifika mwisho ana kitabu kizima mkononi. Ili asikosee, mchapaji hutia kidoa cheusi mgongoni mwa kila fungu: la kwanza juu kabisa, la pili chini yake kidogo, la tatu chini zaidi. Mafungu yakikaa sawa, vidoa vinashuka mgongoni kama ngazi. Mama Gundi hakuwa na haja ya kusoma hata neno. Aliinamisha kichwa, akatazama ngazi, akasema, "Imeshuka," na kitabu kikaenda kushonwa.

"Hebu siku moja usome," Wifi alizoea kumwambia.

"Nikisoma kila kinachopita hapa, gundi atapaka nani? Kaka yako?"

Siku ya kukusanya mafungu mawingu yalikuwa yametanda, chumba kimefifia, na Wifi alikuwa na habari inayomwasha ulimi. Marundo ya kitabu cha Magharibi yalikuwa yanapangwa meza ya dirishani, ya Kusini meza ya mlangoni. Mama Gundi alikuwa ametoka rafuni na marundo mawili ya mafungu ya tatu, la Magharibi kwapa hili, la Kusini kwapa lile.

"Mumeo Jumapili alikwenda wapi?" Wifi akauliza.

"Msibani. Kwa rafiki yake aliyefiwa na baba."

"Basi huyo rafiki yake nimekutana naye leo anauliza mbona kaka yangu hakutokea."

Mama Gundi akasimama. "Hakutokea vipi? Alirudi macho mekundu!"

"Alilia, ndiyo. Ila aliingia nyumba siyo. Aliingia nyumba ya jirani, wako kwenye kikao cha posa."

"Wewe!"

"Akaketi, akatoa leso, akalia. Wenyewe wakadhani ni mjomba wa binti, ana uchungu wa kumtoa mtoto. Wakampa maji. Wakampa na nafasi ya kuzungumza."

"Akasema nini, Wifi? Akasema nini?"

"Akasimama mbele ya bwana harusi akasema, 'Tusihuzunike sana. Ametutangulia tu, na sisi tuko njiani.'"

Mama Gundi alicheka mpaka akajikunja. Ilibidi aweke marundo yote mawili sakafuni, ajishike ubavu, ajifute macho kwa upindo wa kanga, aombe hewa. Alipopata pumzi akayaokota, moja kwapa hili, jingine kwapa lile, akayapeleka mezani, bado anasema, "Ametutangulia! Maskini mume wangu!" Kisha wakaanza kuzunguka. Ngazi ikashuka katika kitabu cha kwanza, ikashuka katika cha mia sita, na meza ya pili vilevile. Wifi akashona, Mama Gundi akapaka gundi na kuvisha majalada, Fundi Wino akakata kingo. Baada ya siku tisa masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani, yakisubiri wageni waje kuvipokea.

Asubuhi ya kupokelewa, jua lilitoka kwa fujo. Mama Gundi alifika mapema, amevaa gauni lake la shughuli, akachukua kitabu kimoja cha Magharibi akakigeuza dirishani apate kukifuta vumbi. Ndipo alipoona ubavuni mwake mstari mweupe.

Karatasi ya kitabu cha Magharibi ilikuwa na umanjano kidogo, kama chai iliyokolea maziwa. Ya Kusini ilikuwa nyeupe, kwa sababu ile ya kwanza ilimalizika dukani. Gizani hutofautishi. Juani, mstari mweupe ulikatiza katikati ya ule umanjano kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Akahesabu kwa kidole: la kwanza, la pili, la tatu. Akachukua kitabu cha Kusini. Kilikuwa cheupe, na fungu la tatu lina umanjano.

Vidoa vilishuka ngazi barabara. Ngazi za vitabu vyote viwili zilikuwa sawasawa, na yeye miaka thelathini na moja hakuwahi kuwa na vitabu viwili pacha siku moja.

Wifi alimkuta ameketi juu ya sanduku, kitabu mapajani.

"Nani kafa? Au kaka yangu kaenda tena posani?"

"Mimi ndiye niliyekufa," Mama Gundi akasema. "Tazama."

Wifi akatazama ubavu, akatazama mgongo, akaketi naye. Mia sita na mia sita. Saa mbili kabla ya wageni kufika. Hata malaika wakija na sindano hawamalizi.

"Umesoma kinasemaje?" Wifi akauliza mwishowe.

"Nitasoma nini, Wifi, maji yamenifika shingoni?"

"Basi soma, maana huyu binti naye yamemfika." Wifi alikuwa amekwishafungua ukurasa wa thelathini na mbili, akawa anasoma kwa sauti.

Ilikuwa hadithi ya maji. Binti mmoja ameazima mkufu wa jirani aende nao ngomani. Njiani akainama kunywa maji, mkufu ukamponyoka, ukazama mtoni. Jirani mwenyewe ni mwanamke wa maneno. Binti akaingia majini, yakamfika kiunoni, yakamfika shingoni, akaita: "Aliyeokota changu, naomba anirudishie!" Hapo ukurasa ukaisha, na fungu la Magharibi likaisha. Wifi akahamia ukurasa wa mkabala. Fungu la Kusini likaanza: "Nani huyo anayepiga kelele watu tumelala?" akauliza chura. "Kitu chako nimekilalia hapa. Shanga hizi ni zako?"

Wanawake wawili wakatazamana.

"Mkufu umeingia mtoni," Mama Gundi akasema polepole, "umetoka shanga."

"Kwani mkufu ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa shanga." Wifi akaendelea kusoma mpaka mwisho wa hadithi, akafunga kitabu. "Shoga yangu, hakuna atakayejua. Imeungana kama chanda na pete. Sisi tunyamaze."

Roho ya Mama Gundi ilikataa. Lakini mikono yake ilikuwa mijanja kuliko roho yake: kabla ya wageni kufika ilikuwa imekwishabomoa vitabu viwili, ikarudisha kila fungu kwao, ikashona, ikapaka gundi, ikaviweka juu ya meza kwenye kitambaa cheupe. Nakala mbili safi, za kuonyesha. Zilizobaki zikae ndani ya masanduku, ziondoke zimefungwa, na Mungu ana siri zake.

Wageni wakaja watatu. Mbele Katibu na faili lake. Nyuma yake Mzee wa Magharibi, aliyekusanya hadithi za upande ule, mrefu, mwenye Kiswahili alichojifunza ukubwani, kila neno limevaa tai. Wa tatu Mwalimu wa Kusini, mwanamke mnene mchangamfu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinakimbia bila kutazama kulia wala kushoto. Bosi akawaamkia, akawapa viti, akatokwa jasho.

"Karibuni sana," Mama Gundi akasema. "Nakala zenu hizi hapa, moto moto."

Mzee wa Magharibi akainama kwa heshima, akaipita meza, akaenda moja kwa moja kwenye masanduku. "Mama yangu, mimi kitabu cha juu ya meza sikiamini. Matunda mazuri hupangwa juu." Akachomoa kimoja kutoka sanduku la tatu, kutoka chini kabisa. Wifi akamkanyaga Mama Gundi mguu. Mzee akajipapasa mifuko. "Miwani yangu imebaki hotelini. Mama, wewe uliyekifunga, nisomee. Nisomee ile ya maji. Ni ya bibi yangu, mzaa mama. Nimesafiri siku mbili kuja kuisikia ikisomwa na mtu mwingine."

Sasa utafanya nini? Mama Gundi akakipokea kitabu kana kwamba amepewa nyoka ashike kidogo. Akaanza. Shule yake iliishia msingi, na mwanzo alisoma akijikwaa, kidole chini ya mstari. Lakini yule jirani mwenye maneno alipoanza kumtukana binti kabla hata hajamwazima, Mama Gundi akamtambua, maana wa mtaani kwake ni yeye mtupu, akampa na sauti yake. Mwalimu akacheka. Fundi Wino akazima mashine akaja mlangoni. Binti akaingia majini. Yakamfika kiunoni. Yakamfika shingoni. Akaita.

Mama Gundi akapiga moyo konde, akavusha kidole mpaka ukurasa wa mkabala.

"Nani huyo anayepiga kelele watu tumelala?" akasoma.

Mwalimu wa Kusini akanyanyuka kitini kama aliyekalia kaa la moto. Mzee wa Magharibi alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Chura akasema shanga atazirudisha, lakini kwa sharti: "Nipe kitu ambacho ukinipa, na wewe unabaki nacho." Binti akafikiri. Akimpa kanga atabaki bila. Akimpa chakula atabaki na njaa. Mwishowe akaketi ndani ya maji akampa chura hadithi, hii hii, ya jinsi alivyoazima na jinsi alivyopoteza. Chura akafurahi mpaka akavimba. Akarudisha shanga, akawaita wenzake akawasimulia, na mpaka leo mvua ikinyesha vyura wote wanaisimulia kwa pamoja, kila mmoja akisema ni yangu, ni yangu, ni yangu.

Mama Gundi akafunga kitabu. Halafu wageni wawili wakasema kwa pamoja:

"Hiyo ni yangu!"

"Yako vipi?" Mwalimu akamgeukia Mzee. "Chura huyo ni wa mama yangu! Kila neno! Hata hiyo kanga na chakula! Mzee, umemtoa wapi chura wangu?"

"Dada, tafadhali. Binti ni wa bibi yangu. Wewe ndiye unieleze umemfahamia wapi."

"Binti sijui. Mimi nasema chura!"

"Huwezi kumdai chura ukamwacha binti majini!"

"Vyura wenyewe ndio hawa," Wifi akanong'ona.

Lakini Katibu hakucheka. Alikuwa amefungua faili na kuchomoa kalamu. "Samahani," akasema, "hili si jambo dogo. Hadithi moja katika vitabu viwili vya wakusanyaji wawili. Hapa mmoja amenakili kwa mwenzake. Itabidi niandike kwa kamati, na kitabu kimoja kiondolewe mpaka ijulikane ni nani." Akawageukia wenye karakana kwa sauti laini. "Ninyi kazi yenu ni safi. Sina neno nanyi."

Sina neno nanyi! Bosi akashusha pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu asubuhi. Wifi akamfinya Mama Gundi mkono, maana yake tumepona, nyamaza, tumepona. Miaka miwili ya kazi ilikuwa imelala pale mezani kama mtoto aliyeshiba, asiamshwe tu. Na Mzee wa watu, aliyesafiri siku mbili, alikuwa amesimama mikono kifuani, tai ya maneno yake imelegea, anasema, "Mimi? Kunakili? Mimi?" Na Mwalimu, aliyekuwa akifoka sasa hivi, akawa anamtazama Katibu kwa hofu, maana mmoja wao ni mwizi na hajui kama ni yeye.

"Weka kalamu chini, baba," Mama Gundi akasema.

"Mama?"

"Weka chini. Hakuna aliyenakili. Nusu ya mwanzo ni ya Mzee, nusu ya mwisho ni ya Mwalimu, na katikati nimesimama mimi, mpumbavu mmoja nacheka." Akakigeuza kitabu juani, akawaonyesha mstari mweupe. Akaonyesha vidoa na ngazi yake. Akawaeleza makwapa yote mawili. Mume wake aliyekwenda kulia kwenye posa hakumtaja, maana kosa lilikuwa lake na hakutaka kugawana na mtu. "Vyote elfu moja na mia mbili viko hivyo, isipokuwa hivi viwili vya mezani, ambavyo niliviweka hapo kuwadanganya. Bosi hakujua. Wifi alijua kwa sababu nilimwambia."

Bosi aliketi juu ya sanduku. Katibu akafunga kalamu taratibu, jambo lililotisha kuliko kama angeigonga mezani.

"Mama, nilisema fungu moja."

"Ulisema."

"Basi unajua."

"Najua, baba. Nilijua kabla sijafungua mdomo."

Mzee wa Magharibi alikuwa amechukua ile nakala safi ya mezani, ameisogeza mbali na macho yake urefu wa mkono, anahangaika kusoma ukurasa wake halali wa thelathini na tatu. Akaumaliza. Halafu masikio yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Ndugu Katibu," akasema, "ukimwandika huyu mama, uniandike na mimi. Unajua hapa nimeandika nini? Nimeandika: 'Binti akatafakari, akagundua umuhimu wa kutunza mali ya watu, akarudi nyumbani.' Mwisho! Nimetunga mimi, ofisini, feni inazunguka."

"Umetunga?"

"Nifanyeje? Bibi yangu alikuwa anasimulia akiwa kitandani, na kila akifika mtoni, maji yakimfika binti shingoni, bibi anasinzia. Miaka yote! Tukimtikisa anasema, 'Kesho.' Kesho anaanza upya, anasinzia palepale. Amefariki binti yuko majini. Mimi nina miaka sitini na nane, huyo binti nimemwacha amezama mpaka shingo tangu utotoni. Leo mama huyu amevuka ukurasa, nimesikia mtu akimjibu." Akatoa leso, akajipenga kwa nguvu. "Chura! Kumbe alikuwa chura!"

"Ni chura, sasa angekuwa nani?" Mwalimu akasema, naye anajifuta. "Na sisi kwetu mwanzo ulikuwa mfupi mno, binti anaangusha tu shanga, haijulikani za nani. Mama yangu nikimuuliza anasema, 'Wewe sikiliza.' Sasa najua. Za jirani mwenye maneno!"

"Samahani kuwaingilia," Fundi Wino akanguruma mlangoni, kwa sauti ya kushinda mashine ingawa mashine imezimwa, "lakini si chura. Ni kaa. Alikamata mkufu kwa kucha."

"Kaa anasimulia hadithi?" Wifi akamrukia. "Kaa mdomo wake uko wapi?"

"Na chura ana kucha za kukamatia?"

"Amekilalia! Husikii? Amekilalia!"

"Kobe."

Wote wakageuka. Aliyesema ni Katibu. Uso wake uliopigwa pasi ulikuwa umejikunja mahali, karibu na macho.

"Shangazi yangu alisema ni kobe," akasema kwa ukali, kama anayesoma muhtasari. "Na kobe hakuomba hadithi mara moja. Aliomba mara tatu, kwa sababu alikuwa mzito wa kuelewa. Tulikuwa tunaisimulia pamoja naye mara zote tatu, kila mara kwa haraka zaidi. Huo ndio utamu wenyewe. Ukiondoa kobe, umeondoa kila kitu."

"Kwenu ni wapi?" Mwalimu akamuuliza.

Katibu akataja. Si Magharibi, wala si Kusini. Kitabu cha upande huo kilikuwa cha saba kati ya kumi.

"Na kwenye kitabu cha saba kobe yumo?" Mzee akauliza.

"Hayumo," Katibu akakiri. "Hakuna aliyemwuliza shangazi yangu."

Basi wakaanza. Mzee akataka kobe asimuliwe mara tatu ili aone. Katibu akakataa, akasema yuko kazini. Mwalimu akasema mtu anayeogopa kusimulia kobe asijiite mtu wa kamati. Katibu akavua koti. Akasimulia, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa kasi mpaka Bosi mwenyewe, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa maiti, akateleza kutoka juu ya sanduku kwa kucheka. Fundi Wino aliendelea kutetea kaa wake peke yake kama mgombea asiye na chama. Mama Gundi tu ndiye aliyesimama kando, mikono nyuma, kama anayesubiri hukumu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Katibu alipovaa koti alimkumbuka. Akakohoa, akajaribu kurudisha uso wake wa zamani, ukaja nusu.

"Mama. Kosa ni kosa."

"Ndiyo, baba."

"Vitabu hivi haviwezi kutoka bila maelezo. Kila nakala itabandikwa kikaratasi ukurasa wa thelathini na mbili, kinachosema ukweli. Utakiandika wewe, utakibandika wewe, vyote elfu moja na mia mbili, kasoro hivi viwili. Na vitabu vinane vitakavyofuata, kila kimoja kiwe na vidoa vya umbo lake. Kimoja duara, kingine mraba."

Ilimchukua Mama Gundi muda kidogo kuelewa alichosikia. "Vitakavyofuata wapi?"

"Hapa. Ile mashine," Katibu akasema akitazama pembeni, "ingevifunga sawa, na mimi ningekaa na kobe wangu mpaka kufa. Cha saba kisichapwe kwanza. Nitampigia shangazi simu."

Kikaratasi alikiandika siku ileile, kwa penseli kwanza, na Fundi Wino akakichapa bila kubadilisha neno, ingawa alinung'unika. Kilisema: "Msomaji, vuta pumzi. Binti anaingia majini upande mmoja wa bara anatokea upande mwingine, na kosa ni la mimi niliyefunga kitabu. Mkufu umekuwa shanga, usihangaike kuutafuta. Kama kwenu aliyemjibu si chura, andika hapa chini ni nani, umwambie na mwenzako." Chini yake mstari mtupu. Cha kitabu cha Kusini kiligeuzwa: shanga zimekuwa mkufu, na chura atafutwe kitabu cha Magharibi.

Wiki nzima wakabandika. Siku ya tatu, Wifi akiwa na brashi ya gundi mkononi, akasimama ghafla.

"Wewe mwenzangu. Siku ile watu wote walisema, mpaka Bosi alisema kwao ni kambare. Wewe ulikaa kimya. Hukuwahi kusikia hadithi hii kwa bibi yako?"

"Niliisikia."

"Sasa kwenu nani alimjibu?"

Mama Gundi akalaza kikaratasi, akakipitishia kiganja kikalala sawasawa. "Kwetu hakuna aliyemjibu. Aliita, aliita, akaona anapoteza wakati. Akapiga mbizi mwenyewe, akautoa, akaenda ngomani na nguo zinachuruzika, akacheza mpaka zikakauka."

"Ndiyo maana kaka yangu anakuogopa," Wifi akasema, na brashi ikarudi kwenye sufuria.